Injini ya 504 imesukwa upya: itiwe oili gani?

Peugeot 504 ya petroli inapotoka kusukwa injini, mwenye gari anakuwa ameshalipia karibu kila kitu: slivu na pistoni mpya, krenki iliyochongwa, beringi za saizi inayofuata, kemshafti na tapeti zake, gasketi seti nzima. Kinachobaki ni galoni ya oili, na hapo ndipo ushauri unapogongana. Fundi anasema, "Mzee, hii tia namba 40, injini za zamani zinataka oili nzito." Muuza duka anasema chukua sinthetiki, ndiyo ya kisasa. Ndugu aliyeko Marekani anatuma ujumbe kwamba oili za siku hizi zimepunguzwa zinki na zitaila kemshafti. Kila mmoja ameshika kipande cha ukweli, na ukimfuata mmoja wao bila kuuliza zaidi unaweza kuiharibu kazi nzuri kabla gari halijafika Chalinze.

Umri wa gari peke yake hauwezi kukuchagulia oili. Injini iliyosukwa mwezi uliopita ndani ya bodi ya mwaka 1974 ni injini mpya yenye muundo wa kale. Muundo wake unadai jambo moja kwenye oili, upya wake unadai jingine, na madai hayo hayafanani dakika ya kwanza inapowashwa, kilomita elfu moja baadaye, na miaka inayofuata. Anayetafuta jina moja la oili la kutumia tangu mwanzo hadi mwisho anatafuta kitu kisichokuwepo.

Nundu na tapeti

504 ilianza kutengenezwa mwaka 1968. Injini yake ya petroli iliyoenea zaidi huku kwetu ni ile ya XN1, yenye ujazo wa sentimita za ujazo 1,971. Kemshafti yake imelala ndani ya bloku, si juu ya silinda hedi. Nundu ya kemshafti inaisukuma tapeti, tapeti inaisukuma pushirodi, pushirodi inainua roka, roka inafungua valvu. Ni muundo mgumu usiochoka upesi; gari hilohilo ndilo lililompa Ove Andersson ushindi wa Safari Rally mwaka 1975.

Tatizo la oili liko pale nundu inapokutana na tapeti. Uso wa tapeti hauna gurudumu. Nundu inauteleza moja kwa moja, chuma juu ya chuma, huku springi ya valvu ikisukuma kwa nguvu kurudi chini, na mguso wenyewe ni mstari mwembamba mno. Beringi za krenki hazina taabu hiyo. Krenki ikizunguka hujivutia oili chini yake na kuelea juu yake, kama tairi linavyoelea juu ya maji barabara ikiwa na dimbwi, kwa hiyo injini ikiwa imeshashika kasi krenki na beringi hazigusani kabisa. Nundu na tapeti hazipati bahati hiyo. Utando wa oili hapo unabanwa hadi unakuwa mwembamba kuliko mikwaruzo midogo ya vyuma vyenyewe.

Kinachookoa hapo ni dawa iliyomo ndani ya oili, mchanganyiko wa zinki, fosforasi na salfa unaojulikana kwa herufi ZDDP. Ilianza kutiwa kwenye oili miaka ya 1940 kwa lengo jingine, kuzuia oili isioze kwa joto na beringi zisiliwe na asidi. Baadaye ikaonekana inalinda pia kemshafti. Kwenye joto na mgandamizo mkubwa dawa hii huvunjika na kuacha juu ya chuma ngozi nyembamba na ngumu ya fosfeti. Nundu ikipita, inayochunika ni ile ngozi. Kisha ngozi hujijenga tena, mradi dawa bado ipo kwenye oili.

Hapa ndipo ujumbe wa ndugu wa Marekani unapopata msingi. Fosforasi ikiungua na kutoka na moshi huvipaka vifaa vya kusafisha moshi vilivyo kwenye ekzosi za magari ya kisasa na kuvidhoofisha. Kwa hiyo viwango vya API, taasisi ya petroli ya Marekani inayopanga madaraja ya oili, vikaanza kuipunguza. Kiwango cha SJ, cha miaka ya 1990, kiliweka kikomo cha asilimia 0.10 ya fosforasi. SM ya mwaka 2004 ikakishusha hadi asilimia 0.08, na vilivyofuata, SN cha mwaka 2010 na SP cha mwaka 2020, vikabaki hapohapo. Wenye magari ya kale walipoanza kuona nundu zimelika muda mfupi baada ya injini kusukwa, lawama ikaenda kwenye oili.

Jambo ambalo ujumbe huo hauligusi ni kwamba kikomo hicho hakizihusu oili zote. Kinazibana namba nyepesi zinazookoa mafuta, yaani 0W-20, 5W-20, 0W-30, 5W-30 na 10W-30 (namba ya kabla ya W ni uzito oili ikiwa baridi, ya mwisho ni uzito ikiwa moto). Oili ya 20W-50 au 15W-40 inaweza kubeba SN mgongoni na bado mtengenezaji akawa huru kuitia fosforasi zaidi ya hapo. Marekani, ambako rafu za duka zimejaa 5W-30, onyo lile ni la kweli na la haraka. Kwenye rafu za Dar es Salaam, Mwanza au Mombasa, ambako 20W-50 bado ni oili ya kila siku, hofu hiyo inapaswa kupunguzwa. Uhuru wa mtengenezaji hauna maana kwamba kila mmoja ameutumia, ndiyo maana inafaa kutafuta karatasi ya vipimo vya oili yenyewe. Kampuni nyingi huitoa kwenye tovuti zao. Ukikuta zinki au fosforasi imeandikwa kuwa kati ya asilimia 0.10 na 0.13, umepata oili inayofaa kemshafti ya aina hii. Pale inapohesabiwa kwa sehemu kwa milioni, hiyo ni 1,000 hadi 1,300.

Niseme pia kwamba oili mpya si sumu. Jaribio la uchakavu wa kemshafti lililotumika kupima oili za SL, SM na SN lilifanywa kwa injini ya Nissan KA24E ya lita 2.4, ambayo nundu zake huteleza juu ya uso usio na gurudumu, sawa na taabu ya 504. Injini ya kawaida yenye springi za kiwandani, ambayo kemshafti yake imeshazoeana na tapeti, inaweza kuishi vizuri kwa oili ya kisasa ya 20W-50. Hatari kubwa iko kwa kemshafti mpya, tena katika saa yake ya kwanza, na kwa injini zilizofungwa springi ngumu za mashindano.

Na wale wanaonunua chupa ndogo za zinki na kuzimimina zote kwa tumaini kwamba ikizidi ndiyo bora, wanakosea. Dawa hii ikipita kiasi nayo huanza kuushambulia uso wa chuma. Oili nzuri imepimwa kama mchanganyiko mmoja, sabuni yake, dawa yake ya kutu na zinki yake zote zikigombea nafasi juu ya chuma kilekile. Ukiongeza kimoja gizani, umeuvuruga mchanganyiko wote.

Tena, si kila injini ya kale ina shida hii. Land Rover za Series zenye injini ya petroli ya lita 2.25 zina vigurudumu kwenye mguso wa kemshafti, hivyo mwenye nayo anaweza kulala usingizi kuhusu zinki kuliko mwenye 504. Kobe wa Volkswagen, Corolla za injini ya K na Datsun 1200 zote ni za tapeti bapa. Datsun za injini ya L, kemshafti ikiwa juu ya hedi, nazo zina roka zinazoteleza juu ya nundu, kwa hiyo ziko kundi moja na 504 ingawa muundo unaonekana tofauti.

Namba 40 ya fundi

Sasa turudi kwa fundi na namba 40 yake. Oili ya namba moja, 40 tupu, na oili ya 15W-40 zina uzito wa daraja moja zikiwa moto. Kwa nyuzi 100 za Selsiasi zote lazima ziwe kati ya sentistoki (kipimo cha uzito wa oili inapotiririka) 12.5 na 16.3, la sivyo haziruhusiwi kubeba ile 40. Zinatofautiana zikiwa baridi. Namba moja hubaki nzito asubuhi na kuchelewa kupanda hadi kwenye roka. 15W-40 imetiwa vinyweleo vya plastiki vinavyotanuka kwa joto, hivyo inaanza nyepesi na kufika pale pale ikichemka. Fundi anayesema namba 40 haitii injini oili nzito kuliko 15W-40 wakati wa kazi. Anachokiongeza ni uzito wa wakati wa kuwasha tu, wakati ambao injini haiutaki. Oili ya namba moja ina sifa moja ya haki: haina hivyo vinyweleo, kwa hiyo haina cha kukatika na kupungua uzito kadiri inavyotumika. Kwenye pampu za maji na jenereta zinazonguruma kutwa kwa kasi ileile inafaa sana. Kwa gari linalowashwa na kuzimwa, sioni sababu ya kuichagua.

Herufi W nayo inawachanganya wengi. Namba iliyo kabla yake inapimwa kwenye baridi kali kabisa. 20W hujaribiwa kama injini itazunguka kwa nyuzi 15 chini ya sifuri, 15W kwa nyuzi 20 chini ya sifuri, 5W kwa 30. Baridi hiyo haipo hata Makete mwezi wa saba, shamba likiwa limepauka kwa sakitu. Kwa hiyo anayekuuzia 5W kwa hoja ya kuwasha kwenye baridi anakuuzia ulinzi dhidi ya hali ya hewa ya nchi nyingine. Ni kweli lakini kwamba hata kwenye joto la asubuhi la kawaida, oili ya 10W-40 ni nyepesi waziwazi kuliko 20W-50. Kwa nyuzi 40, 20W-50 huwa karibu sentistoki 160, na 10W-40 karibu 100. Injini ambayo taa ya oili inachelewa kuzimika baada ya kuwasha inaweza kunufaika kwa kushuka daraja.

Je, 504 iliyosukwa upya itiwe 40 au 50? Jibu limeandikwa kwenye karatasi ya aliyechonga krenki, kama alipima na kuandika. Mafundi wengi hufuata kanuni ya kuacha nafasi ya takriban sehemu moja ya elfu ya kipenyo cha shingo ya krenki, yaani shingo ya milimita 50 iachiwe kama milimita 0.05 ya oili. Kama nafasi ziko hapo au chini kidogo, 15W-40 inatosha na itapita upesi zaidi, ikibeba joto kutoka kwenye beringi. Kama zimeachwa pana, au gari litabebeshwa mizigo na kupandishwa milima kwenye joto la Februari, 20W-50 ndiyo yangu. Ile 50 inaanzia sentistoki 16.3 kwa nyuzi 100, na ikipimwa kwenye joto la nyuzi 150 na msuguano mkali lazima ishikilie angalau 3.7 kwa kipimo kingine, sentipoizi, wakati oili za 30 zinaruhusiwa kushuka hadi 2.9. Kwa krenki ya zamani iliyobuniwa enzi za oili nzito, tofauti hiyo ni kubwa.

Hata hivyo imani kwamba nzito zaidi ni salama zaidi inastahili kupingwa waziwazi. Ilitokana na injini zilizochoka. Injini yenye beringi zilizolika inapoteza shinikizo, na oili nzito inaificha ile hasara kwa muda. Sasa umelipia beringi mpya. Kuitia injini hiyo oili iliyokuwa ikificha ugonjwa wa mwaka jana, au kuiongezea dawa nene ya chupa inayotajwa kuzuia moshi, ni kuinyima mtiririko inaouhitaji. Geji ya shinikizo nayo ina udanganyifu wake, kwa sababu oili nzito husoma juu kwa vile inapita kwa shida. Kipimo cha kazi ambacho wengi wanakitumia ni pauni 10 za shinikizo kwa kila mizunguko 1,000, injini ikiwa moto kamili baada ya safari ndefu. Ukipata hicho kwa 15W-40, huna sababu ya kupanda.

Dakika za kwanza

Hapa ndipo kemshafti nyingi mpya hufa, na kwa sababu hiyo nitakaa kidogo.

Kabla injini haijafungwa, nundu zote na nyuso za tapeti zipakwe grisi nyeusi ya molibdeni inayokuja na kemshafti nzuri. Oili peke yake hutiririka na kushuka chini gari likisubiri kabureta au waya wa plagi kwa wiki mbili. Beringi zipakwe oili. Filta ijazwe oili kabla ya kufungwa, kama inafungwa ikiwa imesimama. Kisha plagi zitolewe zote nne na injini izungushwe kwa stata, bila moto, hadi geji ipande au taa izimike. Stata ipumzishwe katikati. Ukifungua kifuniko cha roka utaona oili ikichuruzika juu ya roka, na hapo ndipo unajua imefika mwisho wa safari yake. Baadhi ya mafundi hutia alama ya wino kwenye pushirodi wakati huo, kwani tapeti iliyo huru hujizungusha kidogo kila nundu inapopita, na pushirodi huzunguka nayo. Tapeti ikikwama bila kuzunguka, nundu itaichimba sehemu moja, na hakuna oili duniani itakayoizuia.

Injini ikiwaka, isiachwe ikinguruma polepole. Ipandishwe mara moja hadi mizunguko 2,000 au 2,500 kwa dakika na ishikiliwe hapo dakika 20 hadi 30, kasi ikibadilishwabadilishwa kidogo. Watu wengi huogopa jambo hili kwa kuwa wanaona kama wanaitesa injini changa. Sababu yake ni kwamba nundu nyingi za injini hizi hupata oili kwa kurushiwa na krenki. Krenki ikizunguka taratibu inarusha kidogo, na kwenye kasi hiyo ndogo nundu inabeba nguvu yote ya springi. Kwa hiyo taimingi, kabureta na maji yawe tayari kabla ya kugusa ufunguo. Kuwasha na kuzima mara kumi kutafuta moto wa plagi kunaila ile grisi uliyoipaka.

Oili ya dakika hizo iwe ya madini, 20W-50 au 15W-40, yenye zinki ya kutosha na isiyo na dawa za kulainisha msuguano. Nyuma ya galoni kuna alama ya duara la API: juu imeandikwa daraja, katikati uzito, na chini wakati mwingine maneno "Resource Conserving". Maneno hayo huwekwa kwenye oili nyepesi za kuokoa mafuta. Ukiyaona, iache kwa gari jingine. Oili zenye API SA au SB nazo ziachwe kabisa, kwani hizo ni za injini za miaka mingi iliyopita na hazina dawa za maana.

Ringi nazo zina lao katika kilomita za mwanzo. Ukuta wa slivu mpya una mikwaruzo midogo iliyochorwa kwa makusudi, ikikatizana, ili ishike oili na ili ringi zijisugue hadi zikae sawasawa na ukuta. Kinachozisukuma ringi zikae ni shinikizo la mlipuko, na shinikizo hilo linapatikana injini ikivuta mzigo. Kwa hiyo baada ya zile dakika za kemshafti gari litoke barabarani, lipande mlima kwa gia ya tatu, liongezwe moto hadi kasi ya kati, kisha liachiwe lipungue lenyewe, mara kadhaa. Injini inayolelewa mno, ikizungushwa mitaani kwa upole kilomita 1,000, huishia na slivu zilizong'aa kama kioo. Ringi hazikai tena, na gari linakula oili na kutoa moshi wa bluu hali ni jipya ndani. Sinthetiki inayolainisha mno inaweza kuchangia. Magari ya kisasa hutoka kiwandani na sinthetiki, ni kweli, lakini slivu zao zimesuguliwa kwa mashine za usahihi ambao gereji zetu nyingi hazina.

Baada ya ile nusu saa ya kwanza, mwaga oili hiyo yote na filta yake, ingawa inauma. Hiyo ndiyo oili iliyobeba grisi ya molibdeni, vumbi la kuchonga na chembe za chuma. Kisha ikate filta kwa mkasi wa bati, si kwa msumeno, maana msumeno huongeza chembe zake. Likunjue lile karatasi juani na upitishe sumaku chini yake. Chembe zinazoruka kwenye sumaku ni za ringi au kemshafti. Chache na laini kama unga ni kawaida, vipande vyenye umbo si kawaida. Zinazong'aa bila kushikwa na sumaku, za rangi ya fedha au shaba, ni za beringi, na ukiziona nyingi, usiliendeshe gari hilo hadi bakuli la oili lifunguliwe. Ripoti hiyo ya bure inakueleza hali ya injini kuliko geji yoyote. Mwaga tena kati ya kilomita 500 na 800, na tena kwenye 2,000 hivi.

Baada ya hapo

Ringi zikishakaa na oili ikiacha kupungua kwenye kijiti, ndipo unapochagua oili ya kudumu, na hapo sinthetiki inaruhusiwa. Ile hofu kwamba sinthetiki inavujisha injini za kale ilikuwa na ukweli kwa injini zenye sili za zamani na matope ya miaka yaliyoziba nyufa. Sinthetiki huyasafisha matope na nyufa zikaonekana. Injini yako ina sili mpya na haina matope. Swali linalobaki ni kama unaihitaji. Kwa 504 ya Jumapili inayobadilishwa oili kila mwaka, madini nzuri ya 20W-50 inatosha, na tofauti ya bei itakununulia filta kadhaa. Kwa anayeipeleka kwenye mbio za magari ya kale, ambako oili inachemka saa nzima juu ya vumbi, sinthetiki ya 15W-50 ina thamani yake.

Kuna njia ya kati ambayo naipenda na haizungumzwi sana: oili ya malori. 15W-40 ya dizeli yenye CI-4, ambayo mara nyingi galoni yake imeandikwa CI-4/SL, haina kikomo cha fosforasi, ina sabuni nyingi, na inapatikana karibu kila mji ulio kando ya barabara kuu. CJ-4 ya mwaka 2006 ndiyo iliyowekewa kikomo, asilimia 0.12, ambacho bado kinatosha 504. Usichukue FA-4, ni nyepesi. Wapo wanaoogopa sabuni kwa injini ya kale kwa kuwa itang'oa uchafu na kuziba njia. Kwa injini ambayo haijafunguliwa miaka 30 hofu hiyo ina maana. Kwa iliyosafishwa na kusukwa upya, sabuni ndiyo inayoifanya oili iwe nyeusi kwenye kijiti, na weusi huo ni masizi yaliyobebwa badala ya kuachwa yagande. Kobe wa Volkswagen, ambaye ana lita 2.5 tu na wavu badala ya filta, anahitaji kumwagiwa mapema zaidi kuliko 504, kilomita 5,000 zikiwa mwisho.

Galoni nzuri inaweza kuwa na oili mbaya ndani. Oili bandia na oili chafu iliyochujwa na kufungwa upya zinauzwa, na kemshafti mpya ndiyo ya kwanza kuilipa gharama. Nunua mahali unapoweza kurudi na kulalamika. Angalia kama pete ya kifuniko imevunjwa na kubandikwa, kama namba ya toleo ya kwenye galoni imechapwa na haifutiki kwa kidole chenye mate. Ukimaliza, toboa galoni tupu kabla ya kuitupa, maana galoni safi zenye nembo ndizo zinazotafutwa kujazwa tena.

Kisha kuna mambo ambayo oili hupewa lawama bila kosa. 504 ina slivu zinazozungukwa na maji moja kwa moja, na sili za chini ya slivu zikikaa vibaya maji huingia kwenye bakuli la oili. Oili ikigeuka rangi ya chai ya maziwa kwenye kijiti, hakuna namba itakayoiponya. Injini irudi mezani. Kinyume chake ni oili inayoongezeka. Pampu ya petroli ya gari hili inasukumwa na kemshafti, na ngozi yake ikipasuka petroli huteremka ndani ya injini. Kijiti kikisoma juu kuliko ulivyotia na kikanuka petroli, usiwashe tena. Oili iliyochanganyika na petroli hupoteza uzito wake wote, na 20W-50 hiyo uliyoichagua kwa uangalifu inakuwa nyepesi kuliko 5W-30 uliyoikataa.

Anayekaa pwani aongeze jambo moja. Gari linalolala gereji Tanga au Unguja hukusanya unyevu ndani ya injini, na maji yakichanganyika na mabaki ya moto hutengeneza asidi inayotafuna beringi hata kama kilomita hazisogei. Oili ya gari kama hilo ibadilishwe kila mwaka, na ikiwezekana kabla ya kuliweka kwa muda mrefu, si baada ya kulitoa. Kuliwasha dakika tano kila Jumamosi ili lisisahau kunaongeza maji bila kuyakausha. Litolewe liende kilomita 25 au 30, hadi oili yenyewe iwe moto sawasawa na maji.